Bangili za Bi Mwanapili

Kwenye gari la Chukwani, jirani yangu Bi Mwanapili alimwambia bibi aliyekaa naye kwamba ameuza bangili zake ili bintiye Wanu akasomee uuguzi kwa miaka mitatu.

"Miaka mitatu! Atafundishwa nini huko?" akauliza yule bibi.

"Kuosha vidonda, kulisha wagonjwa, kutandika vitanda."

Bibi akacheka mpaka buibui likamteleza. "Hayo mimi nnayafanya tangu nlipoolewa, na sijapewa hata senti!"

"Basi ndo maana nkauza bangili. Mwanangu akatandike kwa mshahara."

Mimi, nyuma yao, nilijitia kutazama minazi. Gari liliposimama yule bibi akateremka, kisha akarudi dirishani, akanong'ona, "Bi mkubwa, wanapokea mpaka wa umri gani?"