Tarehe Mbili za Kufa kwa Fundi Marhoon

Jamaa mliotoka Yiti, majirani wa Wadi Kabir, na nyote mliokaa nasi katika sabla hii, ukumbi wetu wa mtaa, siku tatu za msiba, familia imetaka maisha ya marehemu yasomwe polepole na kwa sauti, kwa sababu kuna tarehe moja ndani yake iliyokosewa kwa miaka thelathini, na leo inasahihishwa mbele ya watu.

Marhoon bin Harub alizaliwa Vikokotoni, Unguja, tarehe 9 Machi 1955, mtoto wa tatu wa Bwana Harub, aliyekuwa akitengeneza vyerahani, na Bi Hajar, akasoma skuli mpaka darasa la saba, na zaidi ya hapo hakusoma, wala asije mtu leo akamvisha vyeo ambavyo hakuwa navyo, kwani mwenyewe akiitwa injinia alikuwa akiwaka moto, akisema, "Mimi fundi, bwana, injinia ni yule anayekuja na kalamu wenziwe washamaliza kazi."

Tarehe 2 Oktoba 1973 alifika Maskati na wazazi wake, na tarehe 1 Februari 1976 akaajiriwa Wadi Kabir, katika karakana ya wakala wa pampu za Kijerumani za Lüdenbrock, na hapa hapana budi tuieleze na kampuni hiyo, maana huwezi kumsimulia Marhoon ukaiwacha nje. Ilianzishwa mwaka 1897 na mzee Lüdenbrock, aliyekuwa akisubu kengele za makanisa kwa madini ya kuyeyusha, kengele zilipokosa wanunuzi akageukia kusubu pampu za kutoa maji katika migodi ya makaa, vita viwili vikapita juu ya kiwanda, vya pili vikaondoka na paa, wakaanza upya mwaka 1949, na mwaka 1974 pampu zao zikaanza kuteremshwa huku kwetu Ghuba.

Kiwanda kile kilikuwa na desturi yake, nayo ni kwamba kila pampu ilipokwisha kuundwa iliendeshwa mchana na usiku katika birika la majaribio, na mtu mmoja aliyeitwa msikilizaji akaweka ncha moja ya ufito wa mbao juu ya chuma na ncha ya pili sikioni, akasikiliza, na akiridhika akatia jina lake katika kitabu kikubwa. Humo kila pampu ilikuwa na ukurasa wake, nambari yake, siku ya kuzaliwa, ndivyo walivyoandika wenyewe, jina la aliyeisikiliza, mahali ilipopelekwa, na chini kabisa nafasi moja tu ya kuandika kifo, na kilichoandikwa humo hakifutwi, wamepita wakurugenzi watano na hakuna aliyefuta hata nukta.

Mwaka 1979 Marhoon alipelekwa Ujerumani miezi minane, akafundishwa na mkuu wa wasikilizaji, Bwana Vosskamp, mtu mkavu asiyecheka, na kabla ya kurudi akaruhusiwa kusikiliza pampu moja na kutia jina lake, nambari 40817, ambayo mwaka uliofuata ilifungwa katika kisima cha Yiti.

Tarehe 17 Julai 1981 alimuoa Bi Masouda, wakajaaliwa watoto wawili, Badr mwaka 1983 na Khulood mwaka 1988, na Bi Masouda hata leo anasimulia kuwa mume wake akimuuliza hali yake hangoji jibu, bali hutega sikio kama yuko kazini, mpaka akamwambia, "Bwana weye, mimi si mashine, ningoje nikujibu."

Sasa tunafika kwenye tarehe yenyewe. Tarehe 14 Novemba 1994 pampu ya Yiti ilisimama, Marhoon akaenda, akaifungua, akakuta shafti, chuma kinachoizungusha, imekatika vipande viwili, akavitia ndani ya gari na kurudi navyo Wadi Kabir, na wakala akamtaka aandike kuwa pampu iko katika matengenezo, ili wateja wasiudhike. Marhoon akamjibu kuwa yeye haandiki uwongo kwa mshahara wa mtu, akachukua karatasi ya faksi, akawaandikia Wajerumani kwa herufi kubwa nambari ya pampu, jina la kijiji, na neno ambalo mafundi wote wa karakana ile walikuwa wakilitumia kwa pampu isiyotengenezeka: 40817 YITI MARHUM.

Karani wa kule hakuijua marhum ya Kiarabu wala marehemu yetu sisi, alichokijua ni kwamba ukurasa ule una jina la mtu anayeitwa Marhoon, akadhani jina limekosewa herufi na kwamba faksi inatoa habari ya msiba, basi akaijaza ile nafasi moja, akaandika kuwa msikilizaji Marhoon amefariki Yiti tarehe 14 Novemba 1994. Barua ya rambirambi ikaja kwa Bi Masouda, yenye ukingo mweusi, na aliyeitilia saini posta ni marehemu mwenyewe, na karakana nzima ikacheka siku mbili, wakawa wanampisha mlangoni na kumwambia, "Pita, marhum, pita."

Siku ya tatu akapiga simu Bwana Ghassan, mwangalizi wa kisima cha Yiti, akasema, "Fundi, ahsante, maji yanatoka." Marhoon hakuwa amerudi Yiti, wala hakumtuma mtu, na vipande vya shafti vilikuwa bado ndani ya gari. Akaenda, akaikuta pampu inakwenda, akaizima, akaifungua, na ndani hamkuwa na shafti, pakavu, patupu, akaifunga kama ilivyokuwa, akaiwasha, maji yakapanda. Hapo ndipo alipoweka ufito wake juu ya chuma, akasikiliza kwa muda mrefu, akarudi nyumbani uso umempauka, na alichokisikia alimwambia mkewe mara moja tu, kwamba ndani mlikuwa na mtu anakohoa.

Aliandika Ujerumani barua kumi na moja, kwamba yeye yu mzima, waandike mzima, na Bwana Vosskamp akamjibu kwa mistari miwili, kwamba kitabu hakifutwi, ila kama pampu imekufa kweli, atie saini yake, na kifo kile kitahesabiwa kuwa ni cha pampu. Ilitosha saini moja, ndugu zangu, na Marhoon hakuitia, akasema, "Siandiki imekufa na huku nnaisikia inakwenda," na kwa jibu hilo akakaa katika kitabu cha wafu miaka thelathini, akila, akigombana, akiozesha, na kila mwaka akienda Yiti kusikiliza.

Kampuni ilifungwa tarehe 30 Septemba 2016, majumba yakavunjwa, vitabu vikachukuliwa na nyumba ya kumbukumbu ya mji ule, na Marhoon akastaafu mwezi huo huo.

Mwezi wa Machi 2022 alianza kukohoa, kikohozi kifupi, mara tatu kisha kimya, na mara ya kwanza kilipomshika mezani alinyanyua mkono wote wanyamaze, akakisikiliza kinavyokwisha, akamtazama mkewe, akamwambia, "Ndicho." Madaktari walikuta maradhi ya mapafu, akatibiwa karibu miaka mitatu, miezi ya mwisho akiwa nyumbani kwa Khulood, Madinat Sultan Qaboos, na humo Badr, kwa mapenzi ya mtoto, alimuomba ruhusa aende Yiti akaizime pampu ile na kuiandikia nyumba ya kumbukumbu kuwa imekufa, huenda baba akapata nafuu, na mgonjwa asiyeweza kukaa mwenyewe akakaa, akasema, "Badr, nimekufundisha uwongo lini mimi? Watu wanakunywa maji yale."

Alifariki Jumatatu tarehe 6 Januari 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akazikwa jioni yake.

Basi tunatamka mbele yenu, apendaye aandike: iliyokufa tarehe 14 Novemba 1994 ilikuwa pampu, aliyekufa tarehe 6 Januari 2025 ni Marhoon bin Harub, na kinachowapandishia maji watu wa Yiti mpaka asubuhi ya leo hatukijui, na hatutawadanganya kuwa tunakijua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka na ukali wake, majirani waliotupikia, mafundi wenzake wa Wadi Kabir waliobeba jeneza, na Bwana Ghassan na watu wake waliokuja kutoka Yiti, na aliyegombana na marehemu tunamuomba amsamehe, nao si wachache.

Pumzika kwa amani, Marhoon, upo sasa kwa Mwenye kitabu asiyekuwa na karani wa kukosea.