Teyo Barraza, Aliyesimama Mpaka Zote Tatu Zifunguke

Ndugu, jamaa na marafiki mliokuja kutufariji, marehemu Eleuterio Barraza, ambaye wengi wenu mlimwita Teyo, alizaliwa tarehe 12 Machi 1961 huko Somerton, jirani na Yuma, Arizona, mtoto wa tano wa vibarua wakata letusi, yaani saladi ya majani, na mama yake alizoea kusema kwamba huyu alitembea kabla hajajua kukaa.

Alisoma hapo hapo Somerton, akamaliza sekondari mwaka 1979, kisha akajiunga na jeshi na kufundishwa kukunja parachuti, kazi yenye mila moja isiyo na huruma, kwamba siku yoyote mkunjaji anaweza kuamriwa avae aliyoikunja mwenyewe na aruke nayo, naye aliruka mara mia mbili na kumi, na miaka hiyo alilala usingizi mzuri.

Tarehe 14 Juni 1986 alifunga ndoa na Ofelia Montijo, wakajaliwa watoto wawili, Rubén, na Marisela anayewasomea historia hii.

Mwaka 2015 aliajiriwa kwenye majaribio ya chombo kipya cha kupeleka watu angani, kilichokuwa kikiangushwa kitupu kutoka kwenye ndege, juu ya jangwa letu, kuona kama parachuti zake tatu zitafunguka, na hapo ndipo raha yake ilipokwisha, kwa kuwa hizi hakuweza kuruka nazo. Kila jaribio alisimama juani, hakai mpaka zote tatu zifunguke, wenzake wakimtania, “Teyo, kaa bwana, unalichosha jua.” Tarehe 20 Februari 2019, alipohesabu vifaa baada ya kukunja, kijiti kimoja cha kukunjia kilikosekana, akahofu kimesahaulika ndani ya parachuti, akakataa kutia saini, kazi ya siku tano ikafumuliwa, kumbe kijiti kiko garini kwake, chini ya tortila, zile chapati za mahindi, alizofungiwa na Ofelia. Walimcheka mwaka mzima, naye akawajibu, “Ningeruka mimi, ningesaini. Hao watakaopanda wana mama zao.”

Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Wanaanga wanne wa kwanza waliporushwa ndani ya chombo hicho, Jumatatu tarehe 6 Mei 2024, alikuwa hospitalini, na kwa kuwa kusimama kulishamshinda, aliketi ukingoni mwa kitanda, miguu sakafuni, akakataa kulala. Alhamisi asubuhi aliuliza kama wameshuka, na Marisela, aliyechoka kumwona vile, akasema wameshuka. “Zote tatu?” “Zote tatu, baba.” Akapandisha miguu, akalala, na saa saba mchana akafariki dunia.

Haikuwa kweli, chombo bado kiko juu, kinashuka kesho saa nne asubuhi, na Marisela analisema hili mbele yenu kwa sababu linamkaba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia tangu Alhamisi, na wenzake wa kazini, ambao kesho watamkuta Marisela jangwani, pale alipozoea kusimama marehemu.

Pumzika kwa amani, baba, kusimama sasa ni zamu yangu.