Mama Salvina na Kikombe cha Kwanza

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Salvina Mosha anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya kupokea maziwa katika Ushirika wa Maziwa Mferejini, hapa kwetu Uru. Angekuwa mchezaji wa mpira tungesema anatundika daluga. Mimi ni dereva wa gari la maziwa, niliyemsubiri amalize kupima karibu kila asubuhi ya utumishi wangu, na kamati imenipa kazi ya kuandika makala hii juu yake. Nimekubali kwa sharti kwamba asiisome kabla ya sherehe, maana angeipima nayo.

Alipoanza kazi, ushirika ulikuwa chumba kimoja, mizani ya kuazima na keni chache. Wanachama wengi walikuwa akina mama wenye ng'ombe mmoja bandani, wanaopanda mlima na mizigo ya majani kichwani, na wakati wa kiangazi humkatia ng'ombe migomba. Kazi ya Salvina ilikuwa kufungua kila dumu, kunusa, kutumbukiza kipimio kinachoonyesha kama maziwa yametiwa maji, kisha kusema moja kati ya mawili: pita, au mwaga. Sheria ilitaka maziwa yenye maji yamwagwe palepale, kwenye mgomba ulio nje ya mlango. Mgomba ule haukuwa na mwenzake Uru nzima.

Hakuwa na upendeleo. Mwenyekiti wetu wa zamani aliwahi kumwagiwa maziwa mbele ya wageni kutoka Moshi mjini. Siku nyingine aliyemwagiwa alikuwa Salvina mwenyewe: ng'ombe wake alikula majani ya vitunguu, maziwa yakanuka, naye akayamwaga bila kukunja uso. Mumewe, Mzee Filbert, anakumbuka kwamba jioni ile walikunywa chai ya rangi.

Lakini wapokeaji wakali wapo wengi. Kinachonifanya niandike haya kwa moyo mmoja ni ule mwaka ambao bei za vyakula zilitushika koo. Mafuta ya kula yalipanda, unga ukafuata, sukari nayo haikutaka kubaki nyuma. Nyumba nyingi hazikuwa na pesa ya haraka isipokuwa ya maziwa, kwa hiyo kila tone likaletwa kwetu. Keni zangu zilijaa mpaka shingoni, ofisi ikawasifu wafugaji mkutano baada ya mkutano. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na muda si mrefu yakaanza kuja maziwa mepesi. Wakati huohuo watoto wa wafugaji walewale walikuwa wanakunywa uji wa unga na maji tu.

Mmoja wa waliokamatwa alikuwa Yuditha, mke wa kijana wa Bibi Dominika. Alimwagiwa mara mbili. Mara ya tatu adhabu ilikuwa kusimamishwa, na ng'ombe mwenyewe ni wa mama mkwe. Salvina alimvuta pembeni akamuuliza kulikoni, na Yuditha akalia. Mtoto wake Ronald, mwaka mmoja na nusu, alikuwa hapandi uzito kliniki. Basi kila alfajiri mama huyu alimkingia mwanawe kikombe kimoja bandani, kisha akajazia dumu kwa maji ili mkwewe alikute limefika kwenye alama ya kila siku. Dumu lile ndilo lililokuwa linanunua unga wa nyumba nzima.

Hapo ndipo nilipomjua Salvina. Hakumsamehe. Alimwaga yale maziwa, akamsimamisha wiki mbili kama sheria inavyosema, kisha akavua koti lake jeupe na kufuatana naye hadi kwa mkwewe. Mimi niliachwa na gari linaunguruma na maziwa ya watu yanaanza kupata joto. Nilinuna, sifichi.

Bibi Dominika si mtu wa kuingiliwa nyumbani kwake. Salvina alimpa shikamoo, akaketi, akashika kisu akamenya naye ndizi. Alianza kwa kumsifu, na sifa zenyewe zilikuwa za haki: Yuditha alipojifungua, bibi huyu alimtunza miezi mitatu kwa mtori wa ndizi, maziwa na siagi, kama desturi yetu ilivyo, mpaka mzazi akatoka ndani ana mashavu. Kisha akasema neno ambalo Yuditha ametusimulia mara nyingi: "Bibi, uzazi wa huyu mtoto bado haujaisha." Bibi akamjibu kwamba dukani hawapokei maneno. Wakaagana kwa heshima, kila mmoja na lake.

Wiki mbili zile maziwa yakakosa pa kwenda. Majirani walinunua kidogo, na kilichobaki alikinywa Ronald, kwenye uji na kwenye mtori. Siku ya kliniki ilipofika, Bibi Dominika alimbeba mjukuu mwenyewe, na uzito uliokuwa umegoma ukapanda. Akirudi alipitia ofisini kwetu, akamnyooshea Salvina ile kadi ya kliniki aione, akaichukua, akaenda zake.

Salvina akaandika hoja, kamati ikaipeleka kwenye mkutano mkuu: nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano itoe kwanza kikombe cha mtoto, ndipo dumu lijazwe, na ushirika usimuulize mtu kwa nini lita zimepungua. Meneja alipinga, na hakukosea, maana lita zilipungua kweli na mwaka ule gawio letu lilikuwa jembamba. Hata hivyo hoja ilipita kwa kura chache. Jambo ambalo hakuna aliyelitarajia ni kwamba maziwa ya maji yalikoma karibu kabisa, kwa sababu aliyekuwa anaiba kikombe cha mwanawe sasa amepewa kwa halali. Wanunuzi wa mjini wakaanza kutuamini, na bei yetu ikatengemaa. Lita hazijarudi zote, lakini watoto ninaowapita njiani asubuhi wanalikimbiza gari langu hadi konani, nguvu ambazo watoto wa mwaka ule hawakuwa nazo.

Mwezi uliopita hoja ya kinyume ililetwa. Bei zimepanda tena, na baadhi ya wanachama wakaomba kikombe kisimame kwa muda, mpaka hali ikae sawa. Sote tunajua mambo ya kwa muda yanavyokuwa. Salvina ni mtumishi, hana kura wala nafasi ya kusema mkutanoni, hivyo alikaa benchi la nyuma akiwa amebakiza wiki chache kazini, akisikiliza kazi ya maisha yake ikijadiliwa na watu wengine.

Kisha Bibi Dominika akainuka, na siku hizi kuinuka kwake ni shughuli. "Bei tumeziona zikipanda, tumeziona zikishuka," alisema. "Sukari ikitushinda, tutakunywa chai bila sukari. Mtoto hakui mara mbili." Akaketi. Waliponyoosha mikono kutetea kikombe, hata mleta hoja alinyoosha wake, na kule nyuma Salvina alilia mbele yetu sote bila kujificha.

Kuanzia Julai atakuja kwetu kama mwanachama wa kawaida, na dumu lake, kwenye foleni. Mpokeaji mpya amefundishwa na yeye, kwa hiyo asitegemee huruma.

Mama Salvina, kwa niaba ya wafugaji, ofisi na gari lako bovu la maziwa, tunasema aika, asante sana. Tunakuombea afya njema na ule usingizi wa alfajiri uliotukopesha miaka yote hii. Na Mungu akupe umri mrefu, uwaone watoto wa kikombe wamekua.