Ngurumo Anatafuta Daraja la Besi

Benchi la kijiwe chetu limeegemea ukuta wa kibanda changu cha kushonea viatu, kwa hiyo nasikia kila kitu hata nikiwa nimeinamia gundi. Asubuhi ile Ngurumo alifika na kitambaa mkononi. Huyu ni mpiga gitaa la besi, mwembamba kama waya. Jina hilo ni la mlio wa gitaa lake, si la mwili wake. Akajipenyeza kati ya Kocha, kinyozi ambaye hajawahi kufundisha timu yoyote, na Injinia, mchomeleaji wa mageti. Akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na kibati chenye kutu na vipande vinne vidogo vya kubebea nyuzi.

— Nabadilisha daraja, akasema.

— Hongera! Kocha akampa mkono. Na mshahara umepanda?

— Daraja la gitaa, bwana! Hili hapa. Nyuzi zinalala juu yake.

Akatueleza. Besi lake siku hizi linakwaruza, haliendi na wenzake. Kiongozi wa bendi amemwambia bila kuficha: Jumamosi kuna harusi, akiharibu tena, sehemu ya besi itapigwa na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Dukani kuna madaraja mawili. Moja jepesi kama hili la zamani. Lingine la shaba, zito, ambalo wanasema sauti yake inadumu.

— Zito, Injinia akakata shauri. Geti jepesi likifungwa linapiga kelele, zito linafunga kwa heshima.

— Zito litamvuta bega, Kocha akakataa. Mimi nawanyoa wanamuziki, nawajua. Bega likishuka, sikio la upande ule linaziba.

— Nani kakwambia?

— Shingo zao.

— Na matundu je? Ngurumo akauliza. La zamani lina skrubu tano, la shaba lina tatu, tena hazilingani. Nitoboe mbao?

— Usitoboe kitu! Nakuchomelea langu. Nina kipande cha geti kimebaki, kinene hivi. Ukipiga noti moja, bibi harusi anaisikia kwenye kisigino.

— Geti kwenye gitaa! Afadhali afunge yote mawili. La shaba kwa noti za chini, jepesi kwa noti za juu.

— Na nyuzi zitapita wapi? Injinia akauliza.

— Hiyo ni kazi ya fundi. Mimi natoa wazo.

— Kama ni mawazo, basi aondoe daraja kabisa, apigilie misumari minne, yaishe!

Muuza kahawa wa kijiweni akajaza vikombe vyetu tena. Ngurumo alikuwa anageuza kichwa kwa huyu, kwa yule, kama mgonjwa mwenye madaktari wawili.

Mwisho wa benchi alikaa mama mmoja, mteja wangu wa siku ile tu, mguu mmoja pekupeku, akisubiri nimrudishie kisigino cha kiatu. Hakuna aliyemjua.

— Samahani, kaka, akasema. Lilianza lini kulia vibaya?

Kocha akachungulia kikombe chake. Injinia akakumbuka kufunga kamba ya buti.

Jibu tulikuwa nalo sote. Besi liliharibika tangu shemeji yake, kaka wa mkewe, alipoacha kupiga ngoma kwenye ile bendi. Walipiga pamoja tangu ujana. Mmoja akikanyaga, mwenzake keshakanyaga. Kisha wakagombana jukwaani, mbele ya watu, kila mmoja akidai mwenzake ndiye anayekimbiza wimbo. Shemeji akabeba ngoma zake akaondoka. Siku hizi hata nyumbani kwa Ngurumo jina lake halitajwi. Nani angelitaja benchini?

— Kutu haina tarehe, Kocha akasema hatimaye.

— Mie nilikuwa nauliza tu.

Nikamaliza kisigino; mama akavaa kiatu chake, akaenda zake.

Ngurumo akabaki na kile kibati. Akakipindua, akakipindua tena. Kisha akainuka, akatoa simu, akasogea hadi kwenye nguzo ya umeme na kutugeuzia mgongo. Sisi tukajifanya tunakunywa.

— Shemeji? Ni mimi... Ndiyo, mimi. Hapana, dada yako hajambo. Nilikuwa nataka ushauri kidogo tu. Kuhusu daraja.

Akasikiliza muda mrefu, akikwangua rangi ya nguzo kwa ukucha. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha mtu asiyetaka kuonekana anacheka, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

Aliporudi, alikohoa kwanza.

— Anasema nichukue jepesi. Ila nisikaze skrubu hata moja mpaka afike. Yuko njiani.

— Anajua nini huyo? Kocha akafoka. Mpiga ngoma!

— Ngoma yenyewe haina daraja, Injinia akaunga mkono, na ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana asubuhi ile.

Ngurumo hakuwabishia. Alikaa, akamsukuma Kocha kwa kiuno, akamsukuma tena, mpaka ikapatikana nafasi ya mtu mmoja.