Ukuta Wangu wa Bondeni

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu hamjambo. Nitaongea nimekaa, magoti hayataki tena. Nimechoka, siwafichi.

Sie wa bondeni mnatujua. Masika yakikaribia, kila mtu anamwaga kifusi uani kwake ili awe juu kuliko jirani. Mie nikazidisha. Nikajenga ukuta wa tofali kuzunguka nyumba, nikauziba hata mfereji wa maji ya mvua uliokuwa unapita uani. Jirani yangu wa chini akaja kwa upole: "Dada, hayo maji sasa unayaleta kwangu." Nikamjibu, "Kila mtu ashinde mechi zake." Ndugu zangu, nawaambia, nilisema hivyo, tena nimeshika kiuno.

Mvua zilipoanza, maji yakaingia kwake, yakabeba godoro na vyombo. Mie nafagia uwanja mkavu. Msinitazame hivyo, ndo nilivyokuwaga.

Masika yaliyofuata, asubuhi tunakunywa chai, maji yakashuka kwa nguvu kutoka barabara ya juu, yakaruka ukuta kwa nyuma. Yameshaingia, pa kutokea hakuna, nilipaziba mwenyewe. Geti linafungukia ndani, maji yamelikandamiza, haliendi. Mama yangu amepooza, yuko kitandani, na maji yameshagusa godoro. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Mara nikasikia nyundo. Ni jirani yule yule, yeye na mumewe, wanavunja ukuta kwa nje. Tofali zikaanguka, maji yakatoka. Yakaelekea wapi? Kwake. Na alijua. Akaingia, akambeba mama mgongoni, akamtoa nje. Afadhali angenitukana.

Maji yalipokauka nikaenda kwake na jembe. Nikalia pale mlangoni. Akanyoosha kidole uani kwangu, akasema tu, "Anzia hapo." Tukaufukua mfereji, kuanzia kwangu, ukapita kwake, hadi mtoni. Wengine wenu mkaja na makoleo.

Sijashinda kitu, jamani. Kila masika maji yanapita uani kwangu, nafagia tope mpaka mgongo unakataa. Lakini yanapita, na mama yupo, anakunywa uji wake.

Namshukuru Mungu, nawashukuru nyie wa makoleo. Na wewe dada, sikutaji, lakini umo humu mkutanini. Siku ile ungekaa kwako ukashinda mechi zako, mama yangu angekufa ndani ya ukuta wangu. Anayetaka kujenga msimu huu, kwanza aende akamuulize jirani yake wa chini.