Waya Chini ya Nyasi za Migomba

Ndugu zangu wa Kyerwa, walionizidi umri, kama wapo, nawapa shikamoo. Mwenyekiti wa kikundi hiki cha kutunza umeme ameniomba nieleze jinsi umeme unavyopotea majumbani mwetu na namna ya kuuzuia. Nitaeleza. Lakini siwezi kulifikia somo hilo bila kupitia kwenye damu, kwa kuwa nilijifunza baada ya kumkata mtu kwa panga. Nitakayosema niliyatenda au niliyaona mwenyewe. Ya kusikia nimeyaacha nje ya ukumbi.

Nilifundisha fizikia hadi nikastaafu. Mwanafunzi aliyeandika jibu bila kupima alinijua mimi ni nani. Baada ya kustaafu nilirudi kwenye kibanja changu, shamba la migomba la ukoo, huko Kiruruma, nikaingiza umeme, kisha nikataka taa katika banda la ng'ombe lililo upande wa pili wa migomba. Sikuita fundi. Nilichukua waya mwembamba wa ndani ya nyumba, nikaunga vipande viwili kwa kuvisokota, nikafunga kiungo kwa mfuko wa plastiki, kisha nikaulaza waya ardhini na kuufunika kwa zile nyasi tunazotandaza chini ya migomba. Mnazijua nyasi hizo. Hata katikati ya kiangazi, ukizifunua, udongo wake umelowa. Ndiyo sababu wazazi wetu walizitandaza. Mimi niliona nimewaficha wezi waya. Kumbe nilikuwa nimeulaza kwenye maji.

Mvua zilipoanza, swichi ya usalama, ile inayojizima yenyewe umeme unapovuja, ikawa inazima nyumba nzima kila siku. Ilikuwa inaniambia ukweli. Nikaing'oa, nikaunga nyaya moja kwa moja. Nawaambia bila kujitetea: nilikinyamazisha chombo kwa sababu kilinisumbua.

Tangu hapo uniti za umeme nilizonunua zikawa zinayeyuka. Nilimfokea mke wangu, nikamnyang'anya pasi na kuitupa chooni. Uniti hazikuacha kwisha.

Jumapili moja, tukitoka kanisani, mtu mmoja akaniambia amesikia kwamba jirani yangu amevuta umeme kutoka kwangu kwa siri, kupitia mpakani. Sikumuuliza amesikia kwa nani. Mimi na jirani huyo tulikuwa na ugomvi wa mpaka, kwa hiyo habari ile ilinipendeza, na kwa kuwa ilinipendeza nikaiita kweli. Nikaipeleka mwenyewe sokoni Kayanga, nikaipeleka msibani Nyakakika, nikaileta hata huku kwenu kwa wakwe zangu. Watu wakasema, kama Mwalimu ametamka, basi amepima.

Mchana mmoja umeme ulikatika uniti zikiwa zimekwisha tena. Nikachukua panga la kukatia majani ya migomba, nikavuka mpaka. Jirani alikuwa akigeuza kahawa yake juani, kwenye mkeka. Alisimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Waya uko wapi?"

"Waya gani tena, mzee wangu? Mimi nina taa mbili na simu. Nikuibie umeme nikawalishe kuku?"

Waliokuwa barabarani wakacheka. Kicheko kile kilinimaliza akili. Nilishusha panga likielekea kichwani. Aliinua mkono wa kulia kujikinga, na vidole vyake viwili vikaanguka juu ya kahawa. Nikainua panga mara ya pili. Mkewe akatoka jikoni na mchi wa kinu, akanipiga hapa begani, na nikausikia mfupa wangu ukivunjika. Ndugu zangu, mama yule aliniokoa. Bila mchi ule ningekuwa muuaji.

Mngetegemea watu wanikamate mimi. Hawakunikamata. Walimgeukia yeye, kwa sababu wote walikuwa wamekwisha kuisikia habari niliyoisambaza. Walimpiga mateke akiwa amelala amekumbatia mkono wake. Walivunja mlango, wakang'oa mabati wakitafuta waya wa wizi, wakamchinja mbuzi wake bila sababu yoyote. Waya hawakuuona; wakasema ameuficha vizuri. Kijana mmoja akaja na kidumu cha petroli. Mimi nilikuwa chini kwenye vumbi, nasikia kila neno, na kinywa changu kilikuwa kizima. Sikusema waache.

Aliyesema ni fundi umeme, binti niliyemfundisha zamani, ambaye alikuwa akifanya kazi nyumba ya tatu. Alisimama kati ya petroli na yule mtu aliyelala. Aliwaambia wachome wakitaka, lakini kwanza waje watazame mita ya Mwalimu.

Nilikokotwa pamoja nao. Fundi alimwomba mke wangu aingize kwenye mita uniti alizokuwa ametoka kununua, umeme ukarudi. Kisha akazima kila taa, akachomoa friji, akachomoa redio. Nyumba nzima ilikuwa kimya. Kile kitaa chekundu cha mita kikaendelea kupepesa, haraka haraka, kana kwamba kuna mashine inasaga. Akazima swichi kuu, kikatulia. Akafuata waya wangu hadi kwenye migomba, akafunua nyasi. Mvuke ulipanda. Mfuko wa plastiki ulikuwa umeyeyuka, na minyoo iliyouzunguka ilikuwa imekauka kama kamba. Akaukata waya, akawasha tena swichi kuu. Kitaa hakikupepesa.

"Mwalimu, mwizi wako ndiye huyu. Swichi ya usalama aliitoa nani?"

Wote walinitazama.

"Mimi."

Yule mwenye kidumu akakiweka chini. Ndipo watu wakakimbia kutafuta gari la kumpeleka jirani hospitali.

Nilihukumiwa, nikafungwa, nikatumikia kifungo changu chote. Niliporudi nilikwenda kwa jirani kupiga magoti. Hakunikaribisha kiti. Alisema maneno haya tu: "Uliniita mwizi Kayanga, Nyakakika mpaka Kyerwa. Kote huko nenda kanioshe jina."

Ndiyo maana niko hapa. Namshukuru mama wa mchi. Namshukuru fundi, ambaye ametufundisha wengi katika wilaya yenu na yetu kutengeneza nyaya, kubadili balbu za zamani zinazochoma kama makaa, na kuziba milango ya friji inayovuja baridi. Namshukuru mke wangu, ambaye sikustahili anipokee tena.

Somo langu ni hili. Umeme uliopotea nyumbani kwako utafute kwanza nyumbani kwako. Zima kila kitu, kisha kaitazame mita. Ikiendelea kuhesabu, usimtaje mtu, mwite fundi. Na swichi ya usalama ikijizima, usiing'oe.

Jirani yangu ameketi kule nyuma, karibu na mlango, mkono wa kulia mfukoni. Kila ninaposimama kusema haya huja. Hajasema kwamba amenisamehe, nami sitasema hivyo kwa niaba yake. Huja kuhakikisha sipunguzi neno. Kwa hiyo msiniamini mimi, niliyewahi kuaminiwa bure. Mkitoka hapa, mwulizeni yeye.