Bahasha ya Mwalimu Demetria

Wasikilizaji wapendwa, leo sina muziki wa kufungulia kipindi. Leo nina hasira, mtanisamehe. Tunamkumbuka Mwalimu Demetria wa Kimara, na Mwalimu Demetria hakupaswa kufa.

Wengi mlimjua. Miaka ishirini na sita darasa la kwanza, kule Mabibo. Sauti kubwa, hacheki ovyo, lakini akikutania utakoma wiki nzima. Mie mwenyewe alinifundisha kushika penseli. Alisema naishika kama mwiko wa ugali.

Mwalimu alikuwa na ugonjwa wa viungo. Alikuwa akimeza dawa zinazopunguza kinga ya mwili. Shikeni hapo: dawa zinazopunguza kinga. Akachanja UVIKO, dozi zote. Mwezi mmoja baadaye kliniki moja ya utafiti ikamtoa damu, waangalie kama mwili wake umetengeneza kingamwili, zile za kupambana na kirusi. Akaambiwa majibu yatakuja.

Majibu yalikuja, mwezi wa nane. Mwalimu alikuwa shuleni, kwa hiyo yakaachwa kwenye duka la jirani na nyumba yake, la mdogo wake, Albano. Juu ya bahasha wameandika: MAJIBU YA DAMU. SIRI.

Sasa nyie na mie tunajua mtu wa mjini hapa akisoma maneno hayo anawaza nini. Albano aliwaza Ukimwi. Akaifungia bahasha kwenye droo ya duka, bila hata kuifungua. Hakumwambia dada yake, hakumwambia mtu.

"Nilidhani namsitiri," Albano aliniambia, na ameruhusu niyaseme haya. "Dada ni mjane, anaheshimika. Nikasema acha aishi kwa amani."

Kumsitiri! Na huku Mwalimu, kwa kuwa hajasikia lolote kutoka kliniki, anaamini kinga anayo. Kila Jumamosi jumuiya yao ya kanisani inatembelea wagonjwa, yeye ndiye wa kwanza mlangoni. Binti yake, Hope, alimsihi avae barakoa. "Akanijibu, 'Mie nimeshachanja, mwanangu. Mgonjwa anataka kuuona uso wa mtu.'"

Mwezi wa kumi na moja akaanza kukohoa. Siku ya tisa akafariki. Ilikuwa UVIKO.

Msiba haujaisha, Albano akaitoa bahasha aichome, watu wasije wakaisoma. Hope akamnyang'anya. Ndani kulikuwa na mistari miwili. Kingamwili hazikuonekana. Vaa barakoa, na urudi upate dozi ya nyongeza. Basi! Hakuna Ukimwi, hakuna aibu. Ilikaa dukani miezi mitatu, hatua ishirini kutoka kitandani kwa Mwalimu.

Wasikilizaji wapendwa, kila mmoja wetu ajiulize leo: ni habari ya nani umeikalia, ukijiambia unamhurumia? Mpe mwenyewe. Mpe mkononi, aamue mwenyewe alie au acheke.

Hope, pole sana mdogo wangu. Braza Albano, nimekukasirikia hewani na bado nimekasirika, lakini pole, najua hulali. Nyie wa kliniki, pole yenu sina. Juu ya ile bahasha mliandika namba ya simu ya Mwalimu kwa mkono, tarakimu zote kumi. Hamkuipiga hata mara moja. Simu hiyo sasa anayo Hope, na iko hewani. Pigeni leo, mumwambie mtoto mlikuwa mnasubiri nini.